Njia Moja kwa Kompyuta Mbili

Tabora ni mji uliozoea kazi ya kugawa njia. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilifuata njia kuu moja hadi Unyanyembe, kwenye kituo ambacho wasafiri wa wakati huo walikiita Kazeh. Hapo mizigo ilishushwa, ikahesabiwa na kufungwa upya. Kisha wengine wakashika njia ya magharibi kwenda Ujiji, na wengine njia ya kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ilifuata desturi hiyo hiyo: njia moja kutoka Dar es Salaam, kisha njia ya Kigoma, iliyofika ziwani mwaka 1914, na tawi la Mwanza, lililokamilika mwaka 1928. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, nao umepitishwa mjini humo.

Katika makala haya tutachunguza mgawanyo wa njia ulio mdogo kuliko hiyo yote. Ni ule unaofanyika ndani ya nyumba moja, juu ya meza, katika kisanduku kisichozidi ukubwa wa kitabu cha kiada. Ingawa ni mdogo, kanuni zake ndizo zile zile zinazouendesha mtandao wa dunia nzima, na mwanafunzi anayezielewa ataweza kujiamulia mambo ambayo wengi huwaachia wauzaji wa vifaa.

Malalamiko mawili ya Kanyenye

Wakati wa likizo moja nilifikia kwa dada yangu, katika kata ya Kanyenye, Manispaa ya Tabora. Nyumbani kwake mna kompyuta mbili. Moja ni ya binti yake, aliyekuwa akiomba ufadhili wa masomo ya juu. Ya pili ni ya mdogo wake, kijana wa kidato cha tano. Nyumba hiyo hulipia huduma moja tu ya intaneti. Huduma huingia kwa kifaa kidogo chenye laini ya simu ndani yake, ambacho watu hukiita ruta, nayo ruta huzigawia kompyuta zote mbili.

Sikumaliza hata kunawa mikono kabla sijaletewa malalamiko. Binti alikuwa amefanyiwa usaili kwa njia ya video. Katikati ya usaili, sauti yake ilianza kukatika na kuchelewa, hata wasaili wakamwomba arudie jibu lake mara tatu. Saa hiyo hiyo, chumba cha pili, mdogo wake alikuwa akiwapelekea wenzake picha za video za mahafali. Kijana naye alikuwa na lake. Shuleni kwao kuna kipimamvua, na kwa miezi mingi alikuwa ameandika vipimo vya kila siku na kuvitengenezea kurasa nzuri katika kompyuta yake. Dada yake, akiwa chumba cha pili, aliweza kuzifungua kurasa hizo bila shida. Lakini rafiki yake aliyeko Urambo hakuweza hata mara moja.

Walipokwenda kuuliza dukani, muuzaji mmoja aliwashauri wanunue kifaa cha pili na laini ya pili, yaani walipe mara mbili kila mwezi. "Mjomba," binti aliniuliza, "ni kweli kwamba kompyuta mbili haziwezi kukaa vizuri kwenye laini moja?"

Jibu ni kwamba zaweza. Laini ya pili ingeliponya lalamiko la kwanza kwa gharama isiyo ya lazima, na lalamiko la pili isingeligusa kabisa. Ili tuone sababu, hapana budi tueleze kwanza jinsi ujumbe unavyosafiri.

Mizigo na anwani

Bidhaa za misafara ya zamani hazikubebwa kwa pamoja. Ziligawanywa katika mizigo ambayo mtu mmoja aliweza kuichukua, kwa kawaida frasila mbili hivi, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, na kila mpagazi akabeba wake. Intaneti nayo hufanya vivyo hivyo. Barua, picha au sauti hukatwakatwa katika vifurushi vidogo viitwavyo pakiti, ambavyo kwa kawaida kila kimoja hakizidi baiti 1,500. Filamu fupi yenye megabaiti 600 huhitaji pakiti zipatazo 400,000. Kila pakiti husafiri peke yake, na kompyuta inayopokea huzipanga upya kwa mfuatano wake.

Kila pakiti hubeba usoni anwani mbili: ya mpelekaji na ya mpokeaji. Katika mfumo uliowekwa mwaka 1981, ambao ungali ukitumika sana, anwani ni namba yenye biti 32. Ili isomeke kwa urahisi, huandikwa kwa mafungu manne, kila fungu likiwa namba kati ya 0 na 255, kama vile 203.0.113.25. (Anwani hiyo, pamoja na 198.51.100.7 tutakayoitumia baadaye, imo katika mafungu yaliyotengwa kwa ajili ya mifano tu, kwa hiyo haimwelekezi mtu yeyote.)

Mwanafunzi wa hisabati ataona mara moja kwamba idadi ya anwani zote zinazowezekana ni 2 iliyopandishwa kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296. Mwaka 1981, kompyuta zilipokuwa chache na zenye ukubwa wa kabati, namba hiyo ilionekana kama bahari. Leo dunia ina watu zaidi ya bilioni 8, na wengi wao wana simu, kompyuta, au vyote viwili. Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia lilitoa mafungu yake matano ya mwisho, moja kwa kila shirika la kanda; fungu la Afrika lilikabidhiwa AFRINIC, shirika lenye makao yake Mauritius. Ni dhahiri, basi, kwamba haiwezekani kila kompyuta ya Kanyenye ipewe anwani yake yenyewe ya aina hiyo. Nyumba moja hupata anwani moja, na mara nyingine hata hiyo haipati, kama tutakavyoona.

Masjala ya barua

Je, kompyuta mbili zitatumiaje anwani moja bila barua zao kuchanganyika? Msomaji wa Tanzania hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Shule nzima, yenye walimu na wanafunzi mamia, hutumia sanduku moja la posta. Barua zote hufika kwenye S.L.P. hiyo moja, na karani wa masjala ndiye ajuaye ipi ni ya nani.

Karani hutambua kwa njia gani? Katika barua za kiofisi, njia ni namba ya kumbukumbu. Barua inayotoka huandikwa "Kumb. Na." na namba yake, na mara nyingi chini ya nembo huongezwa maneno "Unapojibu tafadhali taja". Jibu linaporudi likiwa na namba ile ile, karani hufungua daftari lake, akaona namba hiyo ilitolewa kwa nani, na kuipeleka barua mezani kwake.

Ruta ni karani wa masjala. Kwanza huzipa kompyuta za nyumbani anwani za ndani, ambazo hazitambulikani nje ya nyumba. Mwezi Februari 1996 yalitengwa rasmi mafungu matatu ya anwani za aina hii. Yanayoonekana sana majumbani ni yale yanayoanza na 192.168, ambayo ni anwani 65,536. Mashirika makubwa hupenda yanayoanza na 10, ambayo ni anwani 16,777,216. Kwa kuwa hazitoki nje, nyumba zote duniani zaweza kutumia anwani hizo hizo bila kugongana, kama vile kila shule inavyoweza kuwa na Chumba Na. 2.

Tuseme kwamba kompyuta ya binti imepewa 192.168.1.2, ya kijana imepewa 192.168.1.3, na nyumba nzima inajulikana nje kwa anwani moja, 203.0.113.25. Wote wawili, kwa wakati mmoja, wanafungua kurasa katika seva moja iliyo mbali, yenye anwani 198.51.100.7. Pamoja na anwani, kila pakiti hubeba namba ya kumbukumbu ya mpelekaji, ambayo wataalamu huiita poti. Namba hiyo ina biti 16, kwa hiyo huwa kati ya 0 na 65,535. Tuseme tena, ili kuufanya mfano uwe mgumu, kwamba kompyuta zote mbili zimechagua poti moja, 50000.

Pakiti ya binti inapofika kwenye ruta, ruta hufanya mambo matatu. Hufuta anwani ya ndani na kuandika anwani ya nyumba. Hufuta poti 50000 na kuandika poti mpya isiyotumika, tuseme 40001. Kisha huandika mabadiliko hayo katika daftari. Pakiti ya kijana nayo hutendewa vivyo hivyo, ila hupewa poti 40002. Daftari sasa linasomeka hivi:

Poti ya nje 40001: ni ya 192.168.1.2, poti 50000
Poti ya nje 40002: ni ya 192.168.1.3, poti 50000

Seva iliyo mbali haijui kwamba kuna kompyuta mbili. Inaona anwani moja inayouliza maswali mawili yenye namba tofauti za kumbukumbu, na inajibu kwa kuzitaja namba hizo. Jibu la poti 40002 linapofika, ruta hutazama daftari, hurudisha anwani 192.168.1.3 na poti 50000 mahali pake, na pakiti huenda chumbani kwa kijana. Yote hayo hufanyika mara maelfu kwa sekunde.

Wazo la kubadilisha anwani mpakani lilielezwa na Kjeld Egevang na Paul Francis katika waraka wa Mei 1994. Wenyewe waliliita suluhisho la muda mfupi, la kuziba pengo mpaka mfumo wa kudumu upatikane. Zaidi ya miaka 30 imepita, na suluhisho hilo la muda mfupi lingali katika nyumba nyingi mno duniani.

Daftari hilo halikai milele. Mazungumzo yakinyamaza kwa muda, mstari wake hufutwa ili poti itumiwe na mwingine. Tena, daftari huwekwa katika kumbukumbu inayotegemea umeme. Ndiyo maana umeme unapokatika na kurudi, hata kwa sekunde chache, kompyuta yenye betri hubaki ikiwaka lakini mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea hukatika: karani amerudi kazini na daftari tupu.

Kugawana mwendo

Kufikia hapa tumeona kwamba kompyuta mbili hazivurugani kwa sababu ya anwani. Kwa nini basi usaili wa binti uliharibika? Hapo tunaingia katika jambo la pili, yaani mwendo.

Mwendo wa njia hupimwa kwa biti kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8. Tuseme nyumba inapokea megabiti 10 kwa sekunde. Faili la megabaiti 600 ni megabiti 4,800. Mtu mmoja akilipakua peke yake atatumia sekunde 480, yaani dakika 8. Wawili wakipakua mafaili ya ukubwa huo kwa pamoja, kwa kawaida kila mmoja atapata karibu nusu ya mwendo, na wote watamaliza baada ya dakika 16.

Nusu hiyo haipatikani kwa amri ya ruta. Inatokana na adabu ya kompyuta zenyewe, nayo ilipatikana kwa shida. Mwezi Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani, umbali wa mita 365 hivi, mwendo wa mtandao ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Njia haikukatika. Kila kompyuta ilipoona pakiti yake imepotea kwenye msongamano iliituma upya, na kwa kufanya hivyo ikauzidisha msongamano. Van Jacobson, akishirikiana na Michael Karels, alichunguza jambo hilo na mwaka 1988 akachapisha dawa yake. Kila mpelekaji aanze polepole, aongeze mwendo kidogo kidogo, na mara aonapo pakiti imepotea apunguze mwendo kwa kiasi kikubwa, kisha aanze tena kupanda. Kompyuta zikifuata kanuni hiyo, njia moja hugawanywa bila msimamizi.

Hata hivyo adabu hiyo ina mipaka miwili. Kwanza, hugawa kwa idadi ya mazungumzo, si kwa idadi ya watu. Programu inayofungua mazungumzo manne kwa pamoja itapata karibu mafungu manne kati ya matano, na jirani mwenye zungumzo moja atabakiwa na fungu moja. Pili, na hili ndilo lililomdhuru binti, adabu hiyo huja baada ya foleni kujaa.

Ruta huwa na nafasi ya kuhifadhi pakiti zinazosubiri kutoka. Katika nyumba nyingi mwendo wa kupeleka ni mdogo kuliko wa kupokea. Tuseme wa kupeleka ni megabiti 2 kwa sekunde, na foleni ya ruta yaweza kushika kilobaiti 500, yaani megabiti 4. Kijana anapopeleka video, kompyuta yake huongeza mwendo mpaka foleni ijae, kwa sababu hakuna pakiti iliyopotea ya kumwonya. Pakiti ya sauti ya binti inapofika hukaa mwisho wa foleni hiyo. Megabiti 4 kugawanya kwa megabiti 2 kwa sekunde ni sekunde 2 za kusubiri.

Sekunde 2 ni nyingi kiasi gani? Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam, umbali unaozidi kidogo kilomita 800 kwa reli, mwanga hutumia sekunde 4 za elfu hivi. Katika sekunde 2 ungesafiri kilomita 400,000, umbali unaozidi ule wa kutoka duniani hadi mwezini. Kwa maneno mengine, binti aliyekuwa Kanyenye aliongea na wasaili wake kana kwamba yuko mwezini, na safari yote hiyo ilifanyika ndani ya kisanduku kilichokuwa juu ya meza ya chakula. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano hushauri kwamba kwa mazungumzo mazuri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi sekunde 150 za elfu.

Tuangalie pia kwamba sauti yake haikuhitaji hata nusu ya megabiti kwa sekunde. Nafasi ilikuwepo, kilichokosekana ni zamu. Dawa yake, basi, si kununua njia ya pili. Iliyo rahisi kuliko zote ni watu kupatana: saa ya usaili, video isubiri. Ya pili ni kuingia katika ukurasa wa mipangilio ya ruta na kuiwekea kompyuta moja kikomo cha mwendo wa kupeleka, chini kidogo ya uwezo wa njia, ili foleni isijae. Ya tatu ni kutumia ruta yenye akili ya kupanga foleni. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha njia ya kupima muda ambao pakiti zimesubiri, badala ya idadi yake, na kuwaonya wapelekaji mapema. Ruta zinazotumia njia ya jamii hiyo huwapa wenye vifurushi vidogo zamu yao bila kusubiri wenye shehena.

Kanyenye tulichukua dawa ya pili. Tulimwekea kijana kikomo cha megabiti 1 na nusu kwa sekunde. Jioni ile alipeleka tena video zake, nasi tukapiga simu ya video kwa jamaa aliyeko Dodoma. Sauti haikukatika. Binti alisikiliza hadi mwisho, akasema tu, "Kumbe ilikuwa hivi." Usaili wake ulikuwa umekwisha wiki tatu kabla.

Kile ambacho masjala haiwezi

Tuligeukia kurasa za mvua. Msomaji aliyefuata maelezo ya daftari huenda ameshajua kilichotokea. Rafiki wa Urambo alituma pakiti yake hadi kwenye anwani ya nje. Pakiti hiyo haikuwa jibu la swali lolote. Hakuna aliyeianzisha kutoka ndani. Karani alitazama daftari, hakuona mstari unaoihusu, akaitupa. Dada yake kijana alizifungua kurasa zile kwa sababu yeye yuko ndani ya nyumba, wala pakiti zake hazikupita masjala.

Wengine husema kwamba hiyo ni kinga dhidi ya wavamizi. Ni kweli kwa sehemu, lakini daftari si kufuli. Mtu akifungua mwenyewe barua yenye hila, mstari huandikwa daftarini kwa mkono wake, na mgeni huingia kama jibu halali. Kwa hiyo kubadilisha nywila ya kiwandani ya ruta, na kuweka nywila imara ya waifai, kungali ni lazima.

Katika ruta nyingi mwenye nyumba aweza kuandika mstari wa kudumu daftarini: kila pakiti ijayo kwa poti fulani ipelekwe kwa kompyuta ya kijana. Tulifanya hivyo, na bado Urambo hawakupata kitu. Nilipoitazama anwani ambayo ruta yenyewe ilikuwa imepewa, nilikuta inaanza na 100.64. Mafungu kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255 yalitengwa mwezi Aprili 2012 kwa ajili ya makampuni ya mawasiliano yasiyo na anwani za kuwatosha wateja. Maana yake ni kwamba nyumba ya Kanyenye haikuwa na sanduku lake la posta. Ilikuwa na chumba ndani ya masjala nyingine kubwa zaidi, inayoandikia barua za nyumba nyingi kwa jina moja. Kijana aliweza kumwamuru karani wa nyumbani. Karani wa pili hakuwa na njia ya kumwamuru. Jambo hili ni la kawaida katika mitandao ya simu duniani.

Hatimaye tulizipeleka kurasa zake katika seva inayotoa nafasi bila malipo, iliyoko ng'ambo. Rafiki wa Urambo sasa anazisoma. Lakini tafakari safari yenyewe: mvua ilinyesha Tabora, ikapimwa na mwanafunzi wa Tabora, nayo ili isomwe Urambo, mwendo wa saa chache kwa basi, ilibidi ipitie nchi ya kigeni na kukaa huko kwa hisani ya mgeni. Hilo ndilo gharama ya suluhisho la muda mfupi. Nyumba iliyo nyuma ya masjala mbili yaweza kuuliza maswali ya dunia nzima. Haiwezi kuulizwa swali. Inakuwa msomaji wa kudumu, na kila itakachoandika lazima kikabidhiwe mwenye anwani.

Anwani kwa kila nyumba

Mfumo wa kudumu ambao Egevang na Francis waliusubiri umekwisha kupatikana. Maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1995, na mwezi Julai 2017 ulithibitishwa kuwa kanuni kamili ya intaneti. Huitwa toleo la sita, na anwani zake zina biti 128. Idadi ya anwani hizo ni namba yenye tarakimu 39. Kila kompyuta, kila simu na kila kipimamvua cha shule vyaweza kuwa na anwani yake, na ruta ikabaki na kazi ya ulinzi pekee: kuruhusu au kukataa, bila kufuta majina ya watu.

Watanzania tumeliona jambo la namna hii kwa macho. Kwa miaka mingi nyumba zetu zilielekezwa kwa mwembe, kwa msikiti, au kwa duka la fulani, na barua zikategemea S.L.P. ya shule au ya kazini. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, ilifanyika operesheni ya Anwani za Makazi: mitaa ikapewa majina na nyumba zikabandikwa namba. Nyumba yenye namba haikuongezeka ukubwa wala uzuri, ila sasa yaweza kutafutwa na kupatikana. Toleo la sita ni operesheni ya namna hiyo katika intaneti. Vifaa vingi vinavyouzwa leo vinaliweza. Kinachotakiwa ni mtoa huduma alifungulie, na mteja ajue kuliulizia. Shule inayotaka kununua huduma ya intaneti ifanye vyema kuuliza maswali mawili kabla ya kutia sahihi: mwendo wa kupeleka ni kiasi gani, na je, tutapewa anwani za toleo la sita?

Kazi za darasani

1. Shule isiyo na kompyuta yaweza kufanya zoezi hili kwa karatasi. Wanafunzi wawili wawe kompyuta, mmoja awe ruta mwenye daftari, na mwingine awe seva. Wote wawili waandike maswali kwa poti moja, 50000. Ruta abadilishe namba, aandike daftarini, na kurudisha majibu. Kisha mwanafunzi wa tano, kutoka nje, atume karatasi ambayo hakuna aliyeiomba. Nini kitatokea?

2. Mwenye kompyuta mbili kwenye ruta moja atazame anwani ya kila kompyuta, kisha anwani ya nje iliyoandikwa katika ukurasa wa ruta, na mwisho anwani ambayo tovuti ya nje inaiona. Ikiwa hizi mbili za mwisho hazilingani, ni masjala ngapi ziko njiani?

3. Pima kwa programu ya ping muda ambao pakiti hutumia kwenda na kurudi, kwanza njia ikiwa tupu, kisha kompyuta ya pili ikipeleka video. Chora grafu ya matokeo.

4. Watu wawili wanaanza kwa pamoja kupakua mafaili ya megabaiti 600 kwenye njia ya megabiti 10 kwa sekunde. Mmoja ana mazungumzo manne, mwenzake ana moja. Onyesha kwamba wa kwanza atamaliza baada ya dakika 10, na wa pili baada ya dakika 16. Ukilinganisha na mgawanyo wa sawa kwa sawa, nani amefaidi, na nani amepoteza?